Kichwa cha Ukili

Siku ya tatu ya matanga ya Mwana Esha nilimtazama mtu akila pilau, nikasikia kinyaa ambacho sikuwa nimekisikia tangu nina miaka ishirini na minne. Mtu mwenyewe ni mzee sasa, mgongo umepinda, meno ni ya kubandika, lakini mikono ni ile ile, laini, mikono ambayo haijawahi kushika bisibisi. Wanaume tulikuwa tumeketi uchochoroni kwenye mikeka, chini ya turubai, kule Mji wa Kale, na yeye ameshika kipande cha nyama kwa vidole vitatu, mafuta yakimtiririka hadi kwenye saa, akiwasimulia wajukuu wa majirani jinsi yeye alivyoyanyoosha mawimbi ya setilaiti kule Shimanzi mwaka wa tisini na sita. "Mitambo ilikuwa yapokea juu chini," akasema, "na wataalamu wa Ulaya wamekwama. Mimi nikawaambia, ngojeni." Kisha akaninyooshea mfupa. "Muulizeni huyu. Alikuwa kijana wangu wa kupanda paa." Wote wakanigeukia. Nami nikatabasamu. Mafuta yake yalinichefua, lakini tabasamu langu lilinichefua zaidi.

Wanaonijua hawahitaji kuambiwa mimi ni nani. Ukiona dishi kwenye hoteli ya ufuoni, au kamera kwenye lango la godauni, au mnara wa intaneti juu ya paa la mtu, uliza ni mkono wa nani, utaambiwa. Nina maduka matatu. Nina mafundi wenye digrii ambao asubuhi wao ndio wanaoniamkia. Na mimi niliishia darasa la saba. Sisemi hivyo kuomba huruma, nasema watu wajue. Habari za wazazi wangu na kule nilikotoka sitaziandika hapa. Watu wengine wamekwisha kuandika za wazazi wao na zote zinafanana. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, kwa sababu ndio ulionitengeneza, na kwa sababu nimekuwa nikiusimulia kwenye harusi, kwenye redio, mbele ya wanafunzi wa ufundi walioniita niwape moyo, na kila mara nilipofika mwisho watu walipiga makofi. Mwisho ule ulikuwa umekatwa. Nitaurudishia kipande chake.

Kampuni ilikuwa ya uwakala wa meli, imekwisha kufa, jina lake halitamsaidia mtu. Chumba cha mitambo kilikuwa ghorofani, juu ya godauni, na ndani ya godauni hilo zilikuwa zikirundikwa ngozi za ng'ombe zilizotiwa chumvi, zikingoja meli. Harufu yake ilipanda kupitia mbao za sakafu. Iliingia kwenye shati, kwenye chai, kwenye karatasi za mashine ya kuchapa, hata kwenye mate. Dirisha lilikuwa moja, limepakwa rangi ya buluu kuzuia jua. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye mkebe wa rangi, na mkebe ulipojaa mimi ndiye niliyeumwaga. Mende walipenda joto la mitambo. Nilikuwa nikifungua kifuniko nawakuta wamekaukia juu ya transfoma, miguu juu, na kazi yangu ya kwanza kila wiki ilikuwa kuwapangusa kwa brashi ya meno. Hicho ndicho chumba ambacho Injinia, mkubwa wetu, yule yule mla pilau, akikielezea leo, hukiita kituo cha mawasiliano.

Nieleze mtambo wenyewe kwa lugha ya darasa la saba, kwa kuwa ndiyo iliyonielewesha mimi. Habari za kompyuta ni moja na sifuri tu. Wimbi linalotoka angani huzibeba kwa namna linavyogeuka, na letu lilikuwa na nyuso nne. Sasa, sanduku la kupokea likiwashwa, halina mtu wa kuliambia ni upi uso wa mbele. Ni sawa na mtu aliyefunguliwa kitambaa cha macho ndani ya chumba chenye milango minne inayofanana: hushika mmoja, akaamua ndio wa mbele, na yote mengine akayahesabu kuanzia hapo. Pembeni yake kulikuwa na sanduku la pili, la kusahihisha. Hilo lilijua kanuni ambayo habari zilifungwa nayo kule zilikotoka, kwa hiyo mvua ikiharibu moja mbili tatu, lilizirudisha mahali pake. Na kama la kupokea limeshika mlango wa ubavuni, la kusahihisha liliona makosa matupu, likawasha taa nyekundu, na lile la kwanza likajigeuza lenyewe na kujaribu mlango mwingine. Likiridhika, taa ya kijani. Basi. Ofisi nzima ilikuwa ikiitazama taa ile ya kijani kama watu wanavyoutazama mwezi wa Idi.

Aliyefungua chumba kila siku saa moja asubuhi alikuwa Bi Zuhura, mtoto wa Mwana Esha. Alinizidi miaka miwili. Alikuwa akipiga taipu bila kutazama vidole, buibui lake limetundikwa msumarini nyuma ya mlango, na kwenye mtoto wa meza aliweka iliki, ambazo alizitafuna kuikata harufu ya ngozi. Alinigawia mimi pia. Kazi yake ilikuwa kuwasha mtambo na kupokea kutoka ng'ambo orodha ya makontena: lipi limo katika meli ipi, la nani, lina nini. Aliichapa akawapelekea makarani wa uwanjani. Asubuhi nyingine orodha ilitoka safi, majina na namba zimejipanga. Asubuhi nyingine ilitoka uchafu: vijistari kama vibanzi, nyota, herufi zenye mikia, ukurasa baada ya ukurasa, na taa ni ya kijani imetulia.

Saa nne Injinia alifika kwa gari kutoka Kizingo, leso puani kabla hajamaliza ngazi. Alikuwa amesoma nje, na cheti chake kilikuwa ukutani mahali ambapo ungelazimika kukiona ukinyanyua kikombe.

"Sabalkheri, Injinia," Bi Zuhura alisimama.

"Nani amegusa?"

"Nimewasha tu, kama ulivyoniagiza."

"Umewasha." Alilitamka neno hilo kama amelikuta ndani ya mchuzi. Akazima, akawasha. Uchafu. Akazima, akawasha. Uchafu. Akajikohoza, akazima, akawasha tena, na mashine ikaanza kutoa majina safi. "Haya, waona? Mkononi mwangu yafanya kazi."

Juu ya swichi alikuwa amebandika kadibodi, ameandika kwa kalamu nene: WASHA MARA MOJA TU. Bi Zuhura alikuwa mtu wa kufuata neno. Aliwasha mara moja tu. Injinia kadibodi ile haikumhusu. Aliwasha mara mbili, tatu, nne, hadi yatoke sawa, na mara iliyotoka sawa ndiyo aliyoikumbuka. Mimi niliyekuwa juu ya kigoda nimeshika waya nilizihesabu zote. Mkono wake haukuwa na bahati kuliko wa Bi Zuhura hata kidogo. Tofauti ilikuwa kwamba yeye aliruhusiwa kurudia. Nililijua hilo mwezi wa tatu, na sikulisema, kwa sababu nani angemsikiliza mpanda paa?

Maneno yalianza chini, kwenye kibanda cha chai ubavuni mwa godauni, ambako madereva wa malori na makarani walikula mahamri. Nilikuwa nimewapa mgongo nikasikia karani mmoja akisema, "Yule dada yuwaharibu orodha makusudi. Siku orodha ikiwa mbovu, kontena lapita lango hakuna ajuaye la nani."

"Ana watu wake getini," mwingine akajibu.

"Na anavyojitanda! Ungedhani yuwatoka msikitini."

Wakacheka, makombo ya mahamri yakiwaruka midomoni. Ningeweza kugeuka nikamtetea. Nilimaliza chai yangu nikapanda juu, na huko nikamkuta Injinia anamweleza meneja maneno yale yale kwa Kizungu, kisha akamalizia kwa Kiswahili ili Bi Zuhura asikie: "Taa ya kijani haidanganyi. Dishi safi, mtambo safi. Basi uchafu watoka wapi? Watoka kwa mtu."

Siku za Ijumaa, baada ya sala, nilikuwa nikila kwao Bi Zuhura. Ilianza kwa redio: mama yake alikuwa na redio ya mbao iliyokoroma, nikaitengeneza, nikakataa malipo, na yeye akaamua malipo ni chakula cha mchana kila Ijumaa hadi nitakapooa. Nilipanda ngazi nyembamba zenye giza, nikiita hodi, na kule juu kilikuwa chumba kimoja kikubwa, madirisha ya mbao yamefunguliwa nusu, dari ya boriti, kitanda kirefu chenye mito iliyofumwa, na sakafu nzima imetandikwa mikeka ya mkono wake. Kwangu mimi niliyekuwa nikinuka ngozi mbichi wiki nzima, chumba kile kilikuwa kama kuoga. Kilinuka nazi na udi na miaa iliyotoka kwenye sufuria ya rangi. Miaa ni yale majani makavu yaliyochanwa membamba; alikuwa akiyasuka kuwa ukanda mrefu, ukili, na kili zikiwa nyingi hushonwa pamoja zikawa mkeka. Mikono yake haikukoma hata akizungumza. Alikuwa mama mfupi, mkali, wa visiwa vya kaskazini, na alikuwa akinitazama nikila kama ninayefanya mtihani.

"Fundi, wala kama kuku. Ongeza."

"Nimeshiba, Mama."

"Ushibe na mifupa yote hiyo yaonekana? Zuhura, mtie wali."

Ijumaa ninayotaka kuisema, kulikuwa na wali wa nazi, mchuzi wa kamba na pilipili ya maembe. Bi Zuhura hakula. Alikuwa amesogeza sahani, akasema kwa sauti ya chini kwamba ameitwa Jumatatu saa tatu, mbele ya meneja na Injinia. "Wasema naharibu orodha ili watu wapate kuiba."

Mama yake hakuinua uso. "Weye waiba?"

"Mama!"

"Nauliza, ili nikiulizwa nijibu."

"Siibi. Wala siharibu. Nawasha mara moja, kama kadibodi isemavyo. Mama, wakiandika barua ile, hakuna ofisi Shimanzi wala bandarini itakayonichukua. Mwizi hasafishwi."

Mimi nilikuwa nikitazama sahani yangu. Mwana Esha akasuka kama pima nzima, kisha akavuta pakacha, akatoa ukili mmoja wa nyeusi na nyeupe, akaurusha mapajani mwangu. Nadhani alitaka tu kubadilisha mazungumzo, mwanawe asilie mbele ya mgeni. "Fundi, weye ni mtu wa makosa ya mitambo. N'onyesha kosa la huu."

Nikaupitisha vidoleni toka mwanzo hadi mwisho. Michoro ilifuatana vizuri, hapakurukwa hata mwaa mmoja. "Hauna kosa, Mama."

"Hauna. Nami nimeuhesabu, sikuona. Na ungeniharibia mkeka mzima." Akaweka ubavuni mwake ukili mwingine, wa mkono wake mwenyewe, na hapo nikaona. Palipokuwa na nyeusi kwenye ule, kwenye huu palikuwa na nyeupe. Palipokuwa na nyeupe, nyeusi. Pote. Kila mmoja ukiutazama peke yake ulikuwa sahihi kabisa. "Huu amenisukia jirani. Ameshika mwanzo kinyume. Ukishashika mwanzo kinyume, mkono wenda sawasawa mpaka mwisho, haukosei hata mara moja, na wote ni kinyume."

"Sasa utajuaje, Mama, kama huna wa pili wa kulinganisha?"

"Una mato ya nini? Tazama kichwa! Kila ukili wa nyumba hii waanza kwa mwaa mwekundu, kisha nyeusi mbili. Tumekubaliana hivyo. Ukiona baada ya nyekundu pana nyeupe mbili, umejua."

"Na mtu afumue kazi yote?"

"Afumue kwa nini? Waugeuza." Akaupindua upande wa nyuma, na upande wa nyuma ulikuwa ndio ule wa pili, nyeusi mahali pa nyeusi, nyeupe mahali pa nyeupe.

Niliacha kutafuna. Redio niliyoitengeneza mwenyewe ilikuwa ikitangaza saa nane na nusu, na mimi nilikuwa na wali na kamba mdomoni, na nikaona sanduku la kusahihisha kama ninavyoiona karatasi hii. Lilikuwa likihesabu msuko tu. Nyuso mbili za ubavuni zilivunja msuko, likawasha nyekundu. Lakini ule uso wa nyuma, uliopindua kila kitu, kila moja ikawa sifuri na kila sifuri ikawa moja, msuko wake ulikuwa mzima. Kanuni iliukubali. Taa ya kijani ilikuwa ikiwaka kwa milango miwili, na mmoja ulikuwa wa uongo. Na ukitaka kujua ni upi, usilitazame sanduku. Tazama kichwa cha habari.

Nikaomba kuuchukua ukili wa jirani. Mwana Esha akashangaa. "Wataka kusuka sasa?" Nikauviringisha nikautia mfukoni, nikaaga kabla ya chai.

Saa tisa nilikuwa Shimanzi, kwenye chumba cha mitambo. Kwenye mtoto wa meza wa Bi Zuhura, chini ya iliki, zilikuwa zimekunjwa karatasi zote za uchafu. Alizihifadhi, maskini, akidhani siku moja mtu atazihitaji kumtetea. Nilizitandaza sakafuni. Kila orodha safi ilianza kwa mstari mmoja, jina la kampuni. Na kila karatasi ya uchafu ilianza kwa uchafu mmoja: kibanzi, nyota, mikia miwili, kibanzi, asubuhi zote, zile zile, herufi kwa herufi. Mkono wa mtu anayeharibu hauwezi kurudia hivyo. Hilo lilikuwa jina la kampuni limevaliwa ndani nje. Nikang'oa kidude kimoja kutoka kwenye deki ya video iliyokufa, kile ambacho kazi yake ni kugeuza moja kuwa sifuri, nikakiunga na swichi ya tochi, nikakitia kwenye kisanduku cha viberiti. Mtu asiyesoma. Kwa saa mbili. Hata sasa, pamoja na yote nitakayoyasema, nikikumbuka kisanduku kile kifua changu hujaa.

Na hapa ndipo ambapo huwa naruka nikisimulia. Huwa nasema, "Basi Alhamisi wageni wakaja." Kati ya Ijumaa na Alhamisi kuna siku, na nilizijua mapema zitakavyokuwa. Wakubwa watatu wa makao makuu walikuwa wanakuja Alhamisi hiyo. Nilijiambia, nikimpa Injinia jambo hili Jumatatu, atalimeza, atapangusa mdomo kwa leso yake, na mimi nitarudi kwenye mende. Lakini nikilitoa mbele ya wageni, kwa mkono wangu, hataweza kulimeza. Na Bi Zuhura atatakata siku hiyo hiyo. Ni siku chache tu, nilisema. Atavumilia.

Jumamosi asubuhi Bi Zuhura aliwasha mara moja. Uchafu. Akakaa mikono mapajani. Nikamwambia, "Bi Zuhura, hebu nisaidie, niulizie karani kama wameteremsha waya wangu." Akashuka. Nikachomeka kisanduku changu, nikabonyeza, mashine ikaguna, ikaandika jina la kampuni, safi kama limepigwa pasi, na nyuma yake makontena yote. Nilitaka kupiga kelele. Nikasikia viatu vyake ngazini. Nikairudisha swichi, nikachomoa, nikaikunja ile karatasi safi nikaitia ndani ya shati. Akaingia akasema karani hajui habari za waya wowote, akaketi, akaanza tena kuutazama uchafu. Akanipa iliki. Nikaipokea, nikaitafuna. Orodha ya Jumamosi ile ndiyo aliyosomewa Jumatatu kama ushahidi wa mwisho.

Hawakuchukua dakika ishirini naye. Nilikuwa juu ya paa, kwenye dishi, nikamwona akitoka na bahasha, akikatiza uwanja katikati ya malori. Getini askari alimwambia afungue mkoba. Akafungua. Askari akaingiza mkono wote, akaukung'uta, na iliki zikamwagika kwenye vumbi na oili. Dereva mmoja akachungulia kutoka kwenye lori lake: "Sista, umebeba kontena humo?" Wengine wakacheka. Bi Zuhura akachutama kuokota, kisha akaacha, akasimama, akatazama juu. Sijui aliona nini, jua lilikuwa nyuma yangu. Kisanduku kilikuwa mfukoni, nimekishika. Nikageukia dishi nikaanza kukaza nati ambayo ilikuwa imekaza.

Alhamisi ilikuwa kama nilivyojipangia. Uchafu ulitoka mbele ya wageni, Injinia akaanza kutoa jasho, nami nikasema, "Mniwie radhi," nikatoa kisanduku cha viberiti, nikakichomeka, tik. Orodha ikatoka safi. Nikawaeleza milango minne na taa inayodanganya, nikawaonyesha kichwa cha karatasi mbaya na kichwa cha karatasi nzuri. Mkubwa mmoja akaniuliza nimejifunza wapi. Nikasema, "Nimefikiri mwenyewe." Ukili ulikuwa kwenye mfuko wa suruali, unanichoma paja. Wakapiga makofi, na makofi hayajaisha Injinia akasogea mbele yangu: "Idara yangu imekuwa ikilishughulikia jambo hili kwa miezi kadhaa." Nilitaka kumtapikia viatu. Nilimwona kama mdudu mnono anayekula jasho la watu, nami nimekula la nani asubuhi ile? Wageni lakini hawakuwa wajinga. Wiki iliyofuata walinituma niiwekee swichi mitambo yao ya bandari nyingine, na kutoka safari ile nikapata nyingine, na hivyo ndivyo nilivyoanza.

Ngazini nilimuuliza Injinia mara moja. "Na Bi Zuhura?"

"Zuhura gani?" Kweli alikuwa amemsahau, siku tatu. "Ah. Barua imeshatoka. Tukimrudisha ni kusema tulikosea, na wageni wako hapa."

Nikasema, "Sawa, Injinia."

Ijumaa ile sikwenda kula. Wala iliyofuata. Mwana Esha alinitumia salamu kwamba redio inakoroma tena, na mimi, badala ya kwenda, nilinunua redio mpya nikampa mtu aipeleke. Alivyotabiri Bi Zuhura ndivyo ilivyokuwa: kila ofisi aliyokwenda walikuwa wamekwisha kusikia kuhusu yule wa orodha. Alifundisha watoto wadogo kusoma kwenye chumba cha chini cha nyumba ile ile, akazeekea humo. Mimi nilikuwa nikipita mtaani nikiwa na gari la kwanza, la pili, nikapandisha kioo.

Basi siku ya tatu ya matanga, baada ya kutabasamu kwa mfupa wa Injinia, niliinuka nikaenda mlangoni kutoa mkono wa tanzia. Bi Zuhura alitoka, miwani usoni, leso nyeusi kichwani, akanisimamia pale pale ngazini.

"Fundi. Umekuja."

"Mwenyezi Mungu amrehemu mama."

"Amin. Alikuwa akikutaja. Akicheka, akisema fundi alituibia ukili mbovu." Akatabasamu kidogo. Uchochoroni sauti ya Injinia ilikuwa imefika kwenye makofi. Bi Zuhura akaisikiliza, kisha akashusha sauti. "Nimetaka kukuuliza jambo moja miaka yote. Ule mtambo. Ulijua lini?"

Nilikuwa na umri wa kusema kweli. Nilikuwa na mali ya kusema kweli. Hapakuwa na mtu wa kunifukuza popote. Mama yake alikuwa kaburini. Nikafungua mdomo, na jibu lililotoka lilikuwa lile lile la redioni, limenyooka, halina hata kigugumizi. "Alhamisi. Asubuhi ya Alhamisi, ghafla tu."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Mama ndivyo alivyokuwa akisema. Alisema fundi angelijua, angenambia." Kisha, kama mama yake, "Rudi ukale, Fundi. Chakula chapoa."

Nikarudi. Injinia akanisogezea nafasi, akaniambia nile, nyama ni laini. Nikatia mkono kwenye sinia, wangu na wake, mafuta yale yale. Mkeka tulioketi ulikuwa wa Mwana Esha, na pale penye goti langu kulikuwa na kichwa cha ukili: nyekundu moja, nyeusi mbili. Nilikitazama hadi sinia likaondolewa.

Ule wa jirani ninao hapa mezani ninapoandika. Umekauka, ukiukunja unavunjika. Kesho asubuhi nitauviringisha pamoja na karatasi hizi, na kabla hazijafika kwa mchapaji zitafika juu ya ngazi zile, kwa mkono wangu, nikiita hodi. Bi Zuhura, nilikujibu kinyume. Haikuwa Alhamisi. Nilijua Ijumaa, saa nane na nusu mchana, nimeketi mbele yako, mdomoni nina wali wa mama yako.